Mkuu wa Fedha si Karani wa Kutia Sahihi

Wako wanaodhani kuwa mkuu wa fedha katika wakala wa Serikali ni karani mkubwa tu, kazi yake kutia sahihi hati za malipo zinazoletwa mezani. Sivyo hata kidogo.

Tutazame Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Mkandarasi huleta madai kwamba kazi amekwisha ifanya. Kabla ya senti moja kutoka, mkuu wa fedha hana budi aulize: Je, kazi hiyo imo katika makisio ya mwaka huu? Mkataba uko wapi? Vipimo vya mhandisi viko wapi? Na fedha zenyewe zipo, au tunaahidi tusichokuwa nacho?

Taabu ni kwamba katika wakala wowote ule, mkuu huyo yuko chini ya Mtendaji Mkuu, naye ana haraka (na mara nyingi haraka yake ni ya haki, maana mvua hazingoji). Kumwambia mkubwa wako "haiwezekani" si jambo jepesi. Twataka alitamke kwa maandishi, libaki katika jalada.

Ibara ya 143 ya Katiba ya 1977 yamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akague hesabu za Serikali walau mara moja kila mwaka, na taarifa yake hufika Bungeni. Lakini mkaguzi huja fedha zimekwisha ondoka. Basi wabunge wetu wasiishie kuuliza zilikwenda wapi. Waulize pia kama mkuu wa fedha alikataa, na baada ya kukataa alihamishiwa wapi.