Nyumba ya Susu Ina Kazi Bado

Maneno haya yalisemwa na afisa wa utalii mbele ya wakazi wa Kibwezi waliotaka kuelezwa jinsi nyumba ya zamani ya familia inavyoweza kugeuzwa kuwa nyumba ya wageni.



Ukiacha barabara kuu ya Mombasa ukaingia vijijini mwetu, hukosi kuiona nyumba ya namna hii: matofali ya kuchoma, veranda mbele, mabati yaliyoshika kutu, na kufuli mlangoni. Aliyeijenga ametangulia mbele ya haki. Watoto wake wako Nairobi, Mombasa na Machakos. Mmoja anataka ibomolewe, wa pili anataka iuzwe, wa tatu hapokei simu. Mchwa nao hawangojei mkutano wa familia.

Ninasema nyumba hiyo ina kazi bado. Inaweza kulaza wageni na kulipa karo. Lakini kazi yenyewe huanza na makubaliano ya ndugu. Rangi ya kuta huja baadaye sana.

Wenzetu wa Lamu wametutangulia katika jambo hili, na kwao kuna mazuri ya kuiga na machungu ya kuepuka. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za mawe nyingi zilijengwa na familia za wafanyabiashara na mabaharia, na leo baadhi yake ni nyumba za wageni.

Nimewahi kulala katika mojawapo. Unapokelewa kwanza kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Ukutani mna zidaka, vijishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, ambamo zamani viliwekwa vyombo vya thamani. Kuta ni nyeupe. Rangi zote zimeletwa na vitu vya mkono: leso zilizoshonwa mapazia, mikeka ya ukindu mwekundu na kijani, mito, na mlango uliopakwa buluu. Asubuhi wenyewe waliniletea mahamri na mbaazi, wakanieleza nani alizaliwa katika chumba nilicholala. Hakukuwa na runinga, wala sikuiulizia. Hadithi ya ile nyumba ilinitosha.

Sasa machungu. Nyumba ya mawe hula pesa nyingi kuitunza, na warithi wanapokuwa wengi hakuna anayetaka kulipia paa peke yake. Kwa hiyo familia nyingi za Lamu mjini na Shela ziliuza, na wanunuzi wengi walikuwa wageni kutoka Ulaya na kwingineko. Wanunuzi hao walizikarabati vizuri, na nyumba zimesimama. Lakini anayepokea kodi ya chumba sasa si mjukuu wa aliyejenga. Pesa ya kuuza nyumba huliwa mara moja. Ya chumba huja kidogo kidogo, na nyumba hubaki.

Kibwezi haina haja ya kujifanya Lamu. Tuna yetu. Mwaka 1891 wamishonari wa Kiskoti walifika hapa na kuanzisha kituo chao, kisha malaria ikawashinda, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Yakaja mashamba ya katani, na maisha ya wazee wengi yalifungwa na zao hilo. Leo tuna kituo cha reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na barabara ya lami ya kwenda Mutomo na Kitui. Tuna msitu wa Kibwezi na chemchemi za Umani, vilima vya Chyulu, na Tsavo iko karibu. Wasafiri wanapita mbele yetu kila saa. Wengi hawasimami kwa sababu hatujawapa sababu.

Mgeni akisimama, mpe ya kwetu. Tandika kitanda, weka kiondo cha katani chenye rangi ukutani, kigoda cha mzee barazani, picha ya harusi ya susu sebuleni. Mpikie muthokoi, mpe asali ya Kibwezi kwa chai. Katani ililimwa hapa, kina mama wetu wanaisuka na kuitia rangi wenyewe. Kwa nini tununue mapambo ya plastiki?

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, mirathi. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuikodisha wala kuiuza nyumba hiyo, hata kama ndiye aliyebaki nyumbani akiitunza. Sheria ya Urithi inataka familia iende mahakamani ipewe barua za usimamizi wa mirathi. Anayejichukulia mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa. Anzeni kwa chifu, awaandikie barua ya kuwatambua warithi wote, mabinti walioolewa wakiwemo. Dada yenu akiachwa nje leo, kesi itawafikia wakati wageni wameanza kuja.

Pili, andikeni mgawanyo. Tuseme ndugu ni watano, na mmoja ndiye atakayekaa pale kupokea wageni. Huyo alipwe kwa kazi yake kwanza. Kisha sehemu iwekwe akiba ya ukarabati. Kinachobaki ndicho kigawanywe kwa watano. Bila maandishi, anayefagia atajiona mtumwa, na aliye Nairobi atajiona ameibiwa.

Tatu, fundi aje kabla ya rangi. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Nyumba kuukuu huficha ugonjwa. Akaguliwe msingi, mbao za paa na nyufa. Na ikiwa matofali yenu yameunganishwa kwa udongo, msikimbilie kuyapiga plasta ngumu ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka na vipande vya ukuta. Chokaa huacha ukuta upumue. Watu wa Lamu wanalijua hilo tangu zamani.

Nne, maji. Hapa kwetu ndipo biashara nyingi hufia. Hesabu ni rahisi: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 100 ni lita 1,000. Ukitoa inayopotea, unaweza kukinga kama lita 800. Mgeni anayeoga kwa ndoo mbili za lita 20 kwa siku anatumia lita 40. Kwa hiyo mvua hiyo moja ni siku 20 za mgeni mmoja, kuoga peke yake, kabla hujafua shuka. Mifereji na tangi zitangulie vitanda.

Tano, vibali. Mtahitaji leseni ya biashara ya kaunti, ukaguzi wa afya ya umma, na vyeti vya afya kwa wanaopika. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii nayo husajili nyumba za wageni. Ulizeni mapema, kabla ya kujenga choo mahali ambapo mkaguzi atakikataa.

Na onyo moja. Msiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya vyumba ambavyo hamjui kama vitajaa. Anzeni na chumba kimoja, kiwe safi, chenye neti nzuri, maana mbu waliowafukuza wamishonari bado wapo. Kikilipa, fungueni cha pili.

Si kila nyumba itafaa. Nyingine msingi umekwisha, nyingine iko mbali mno na barabara. Lakini kabla ya kuita tingatinga au mnunuzi, iteni ndugu wote mkae barazani siku moja, mkiwa na hati mezani na kalamu. Mkiamua kuuza baada ya hapo, mtakuwa mmeamua wote.

Niko tayari kwa maswali.