Kipupwe Nyanda za Juu Kusini: Wiki Hii Sikiliza Utabiri wa Usiku

Msikilizaji wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, tumo katika kipupwe, majira ya Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapoleta ubaridi kutoka kusini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa mwelekeo wa wiki, wengi husikiliza mvua tu. Mimi nakuomba usikilize kiwango cha chini cha joto cha usiku.

Usiku wenye mawingu huhifadhi joto la ardhi. Anga ikiwa haina mawingu na upepo umetulia, joto hupotea angani, nayo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremkia mabondeni. Ndiyo maana sakitu huunguza viazi vya bondeni huku vya mteremkoni vikisalimika. Miche ifunikwe kwa nyasi kavu jioni, ifunuliwe jua likichomoza.

Lakini linaloniumiza zaidi ni jiko la mkaa linalowekwa chumbani ili kupata joto usiku. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Mzazi, tafadhali, toa jiko nje kabla ya kulala, hata kama mkaa unaonekana umezimika.