Alizeti ya Kansas, Alizeti ya Singida: Nani Anamuuliza Mkuu wa Mkoa?

(Mada niliyoiwasilisha kwenye kikao cha vijana wa chama, Singida mjini. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Walioomba nakala, hii hapa.)

 

Nilipopewa mada ya majimbo ya Marekani, wa kwanza kunicheka alikuwa mama yangu mdogo. Akaniuliza, "Mwanangu, Marekani na sisi wapi na wapi? Pampu ya kisima imekufa, watu wanachota maji na ng'ombe, wewe unaenda kusimulia Marekani?" Nikamjibu, "Mama mdogo, naenda kusimulia hiyo hiyo pampu." Kwa hiyo nivumilieni. Nitazunguka mbali kidogo, lakini nitarudi kisimani.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Nikisema jimbo leo sina maana ya jimbo la uchaguzi. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na gavana aliyechaguliwa na wananchi. Mimi nimechagua moja tu, Kansas. Kwa nini Kansas? Kwa sababu ua rasmi la jimbo lile, tangu mwaka 1903, ni alizeti. Wenyewe wanajiita Jimbo la Alizeti. Mtu wa Singida akisikia hivyo lazima ageuke.

Kansas iko katikati kabisa ya Marekani, kama sisi tulivyo katikati ya Tanzania. Ni nchi ya tambarare, upepo na ngano, na upande wa magharibi mvua ni ya kubahatisha. Miaka ya 1930 ukame na kilimo kibaya viliinua vumbi hadi watu wakahama mashamba. Kwa eneo inatuzidi zaidi ya mara nne, lakini watu wake hawafiki milioni 3, na sisi kwa sensa ya 2022 tumevuka milioni 2. Na kama bado mnaiona ngeni, mama yake Barack Obama alizaliwa kule, mji wa Wichita, mwaka 1942.

Sasa tuje kwenye historia, maana ndipo penye somo. Makamanda, Kansas nayo ilikuwa na mkuu wa mkoa! Kuanzia 1854 hadi 1861 haikuwa jimbo kamili, na gavana wake aliteuliwa na Rais kutoka Washington. Wa kwanza aliitwa Andrew Reeder. Machi 1855 ukafanyika uchaguzi wa bunge la kwanza la pale. Sensa ilikuwa imehesabu watu 2,905 wenye haki ya kupiga kura. Kura zilizopigwa zilipita 6,000. Jamani, wale wengine walitoka wapi? Walivuka mpaka kutoka jimbo jirani la Missouri, wengine na bunduki mkononi, ili Kansas iwe nchi ya utumwa. Reeder alijaribu kurudisha uchaguzi katika baadhi ya maeneo. Mwaka huo huo Rais Pierce akamwondoa. Aliyeteuliwa na mtu mmoja aliondolewa na mtu mmoja.

Watu wa Kansas hawakukaa kimya. Ndani ya miaka minne ziliandikwa katiba nne. Moja, ile ya Lecompton iliyoruhusu utumwa, ilitaka kupitishwa kwa ujanja, na Rais aliyefuata, Buchanan, akaiunga mkono. Wananchi wakaikataa kwenye kura mwaka 1858. Mwaka 1859 wakaipitisha ile ya Wyandotte iliyokataza utumwa. Tarehe 29 Januari 1861 Kansas ikawa jimbo. Damu ilimwagika katikati ya hayo, na sisi hatuitamani hata tone. Ninachotaka mkione ni kwamba watu wa kawaida walishika karatasi ya katiba wakasema hii hapana, hii ndiyo.

Sisi je? Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, kwa mvutano mnaoukumbuka. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Leo nasoma sheria chuo kikuu, na kura ile bado haijapigwa.

Leo Kansas inamchagua gavana kila baada ya miaka minne. Bunge lake lina nyumba mbili, wajumbe 125 na maseneta 40, na gavana akikataa muswada, theluthi mbili za kila nyumba zinaweza kumpita. Jimbo linatoza kodi yake lenyewe. Lakini nisiwadanganye kwamba kule ni peponi. Jina Kansas linatokana na Wakansa, wenyeji waliosukumwa hadi Oklahoma mwaka 1873. Na ile kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua, Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka ya mwaka 1954, ilifunguliwa Kansas, kwa sababu watoto weusi walitengwa shuleni na bodi ya kwao wenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo iliyowatetea. Kwa hiyo kuchagua kiongozi peke yake hakutoshi. Unahitaji na mahakama isiyomwogopa.

Dada zangu, hii ni yenu. Mwaka 1887, kwenye mji mdogo wa Argonia, wanaume fulani waliandika jina la Susanna Salter kwenye orodha ya wagombea umeya ili kumfanyia mzaha. Alikuwa na miaka 27. Akashinda, akawa meya wa kwanza mwanamke Marekani. Nasi tuna Liti Kidanka, ambaye wazee wa Kinyaturu wanasimulia kwamba aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Jina lake liko kwenye uwanja wetu wa mpira. Msikubali kupewa kazi ya kupika chai tu kwenye vikao.

Turudi nyumbani. Mkoa wa Singida ulianzishwa 1963, ukitoka kwenye lililokuwa Jimbo la Kati. Tuna alizeti, asali, kuku wa kienyeji, na dhahabu ya Sekenke iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Tuna Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wanyisanzu, Wahadzabe, Wabarbaig, Wasukuma, na tunaoana. Anayesema madaraka ya mikoani yataleta ukabila aje aone harusi zetu.

Lakini nani anaongoza? Ibara ya 61 ya Katiba inasema Mkuu wa Mkoa wa Bara anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru ukamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Mimi na wewe tunaweza kukamatwa naye, lakini hatuwezi kumwondoa.

Ndiyo hiyo pampu ya mama mdogo. Ilipokufa, kiongozi mmoja wa kuteuliwa, sitamtaja, alikuja kijijini. Akapigiwa vigelegele, akaahidi miezi mitatu. Kabla ya mwaka kwisha akahamishwa. Aliyemfuata akasema hajakuta maandishi yoyote, akaanza na mambo yake. Wazee wakabaki kuulizana, tumdai nani? Hilo tu. Siamini yule wa kwanza alikuwa mbaya. Ila aliyemtuma si sisi, na alipoondoka hakuaga kwetu.

Kenya, tunaokunywa nao maji ya Ziwa Victoria, walibadilisha katiba 2010. Tangu 2013 kaunti 47 zina magavana wa kuchaguliwa, na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa inakwenda kwao kwa lazima ya katiba. Wapo magavana walioshtakiwa kwa ufisadi, kweli. Lakini wananchi wanajua jina la kulifuta kwenye karatasi ya kura.

Basi tusingoje katiba mpya ndiyo tuanze. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Nenda. Omba mapato na matumizi yasomwe. Andika ahadi, tarehe na jina la aliyeahidi, kisha omba iingie kwenye muhtasari. Mama mdogo tayari ameninunulia daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: pampu.