Uzio hai kwenye shamba dogo

Msikilizaji, tubaki shambani kidogo. Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Kilimanjaro, mpaka wa jadi ni mmea uitwao masale. Unakata kipande, unakichomeka ardhini mvua zikianza, kinashika. Hakuna seng'enge wala nguzo za kununua.

Kwa nini uzio huu ukuhusu? Mkulima wa kilimo hai hapulizi sumu za viwandani. Anategemea wadudu rafiki. Uzio wa mimea ya asili iliyochanganywa, inayopishana kutoa maua, huwalisha nyuki, huwaficha buibui, huvunja upepo na kushika udongo wa mteremko.

Sasa tugeukie upande wa pili. Kihamba mara nyingi hakifiki hekta moja, na kivuli cha uzio hudhoofisha mistari ya kwanza ya maharage. Utomvu wa mnyaa, mmea mwingine wa uzio, huunguza macho, na watoto hupita hapo hapo. Tena si kila kijani kinafaa: lantana, iliyotoka Amerika, husambaa ovyo na hudhuru mifugo.

Kwa maoni yangu, hasara hiyo inavumilika, mradi uzio upogolewe. Lakini mkulima anasubiri miaka peke yake hadi uzio ukomae, ilhali nyuki wanakifaidisha kijiji kizima. Je, miche ya asili igharamiwe na nani?