Mtaji wa Mke Si Masurufu ya Nyumba



Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya Utume. Aliwakabidhi wanaume mali yake waende nayo Sham, kisha wakagawana faida. Hiyo ndiyo mudharaba, na mwenye mtaji alikuwa mwanamke.

Leo mama huanza na ndoo moja ya maandazi. Biashara ikichangamka, mume huacha kutoa masurufu: unga, kodi ya nyumba, ada za watoto, vyote vyatoka katika ndoo ile ile. Mtaji ukishaliwa, mama hukimbilia mikopo ya riba, ile waiitayo "kausha damu". Hapo hukemewa yeye (na riba ni haramu bila shaka), lakini mume hasemwi!

Zaynab, mke wa Abdullahi bin Mas'ud, aliuliza kama yafaa kumpa mumewe sadaka. Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa atapata malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Lau mali ya mke ingekuwa ya mume, ingeitwaje sadaka?

Basi mume akikopa mtaji wa mkewe, na liandikwe kama deni jingine lolote, pamoja na siku ya kulipa (Al-Baqara, 282).