Shilingi Inayofuata Iende Wapi?

Leo tupo Igoma, jijini Mwanza, na swali letu ni hili: mama mwenye shilingi 6,000 za mboga azigaweje?

Tuseme fungu la dagaa ni shilingi 1,000 na sato mmoja ni 3,000. Fungu la kwanza linaokoa mlo wa nyumba nzima. La pili linaongeza kiasi. La tatu linabaki sufuriani, watoto wameshiba. Wachumi huita hali hii kupungua kwa manufaa ya nyongeza. Mjerumani Hermann Heinrich Gossen aliieleza kitabuni mwaka 1854.

Basi usiulize tu kipi kitamu zaidi. Uliza: shilingi inayofuata itanifaa zaidi wapi? Ukiona sato anakuridhisha mara mbili ya fungu la dagaa, kumbuka bei yake ni mara tatu. Anza na dagaa. Ukishapata ya kutosha, shilingi hiyo itafaa zaidi kwenye mchicha, nyanya au mafuta.

Bei nazo hazitulii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, hupungua sokoni. Bei ikipanda, pima upya, usinunue kwa mazoea.

Msikilizaji, kabla ya kwenda sokoni kesho, kaeni nyumbani mpange: kipi kitangulie, kiasi gani, na mkomee wapi. Kipato kidogo ndicho kinachohitaji hesabu makini zaidi.