Lugha ya Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Ibra



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena. Wamo humu waliotoka Unguja na Pemba, wamo wa Dar es Salaam na Mombasa, wamo wa London na Toronto, na wamo wenyeji wetu wa Ibra, Sur na Nizwa. Kamati imenitaka nizungumze juu ya skuli za watoto wetu wadogo, kwani mwaka mzima simu za ukoo huu zimekuwa na maswali mawili tu: "Hamjambo?" na "Mtoto kapata nafasi?" Mimi si mwalimu. Nilikuwa karani, kisha mkuu wa kitengo, katika wizara moja ya serikali mpaka nilipostaafu mwaka 2020. Nitaeleza niliyoyashuhudia nyumbani kwangu, na kosa lililomo ndani yake ni langu.

Nianze mbali kidogo. Mimi nilitiwa chuoni, Unguja, nikiwa na umri wa miaka mitano. Bibi alinishika mkono, akabeba sahani ya bisi, akaniketisha mkekani mbele ya mwalimu, kisha akarudi zake kupika. Hapakuwa na fomu wala mtihani. Nilipofika umri wa skuli nikaandikishwa skuli ya serikali, maana tangu Septemba 1964 elimu Zanzibar ilikuwa imetangazwa kuwa bila ya malipo. Hakuna aliyeniuliza nyumbani kwetu twazungumza lugha gani.

Nilikuja Oman mwaka 1982, kijana wa miaka 23. Wengi wetu tuliorudi tulikuwa na Kiswahili na Kiingereza, na Kiarabu chetu kilikuwa cha sala na dua. Kazi tulipata, kwani nchi ilikuwa ikijengwa na watu waliosoma walikuwa wachache. Vijana mliozaliwa hapa mkumbuke kwamba mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, Oman nzima ilikuwa na skuli 3 tu za kisasa, zenye wanafunzi 909, wote wavulana. Baadhi ya madarasa ya mwanzo baada ya hapo yalisomeshwa katika mahema na chini ya miti. Haikufika miaka 20, mwaka 1986, nchi hiyo hiyo ikafungua Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Hilo si jambo dogo, na sisi tuliosomesha watoto wetu bila ya kulipa ada hatuna budi kushukuru.

Mtu atauliza: ikiwa skuli za serikali zipo na hazina malipo, tunahangaikia nini? Jawabu ni kwamba darasa la kwanza la serikali humpokea mtoto akifika takriban miaka sita. Kabla ya hapo, aghalabu hapana ila rawdha za binafsi. Mama na baba wote wawili wanafanya kazi. Mtoto wa miaka mitatu na nusu atakaa wapi? Tena kila mzazi anataka mwanawe aanze Kiingereza mapema. Muscat skuli za namna hiyo ni nyingi. Huku kwetu Ibra, kadhalika Sur na Nizwa, ni chache, na darasa likishajaa limejaa. Ndiyo maana mpwa wangu wa Nizwa amepanga nyumba Muscat kwa ajili ya mtoto wa miaka minne, na mkewe humwona mwisho wa juma.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mwaka 2023 mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka mitatu na miezi michache. Wazazi wake hutoka alfajiri kwenda kazini, naye hushinda kwetu. Mwenzangu humlisha, humwogesha na humlaza kwa Kiswahili; kwa hiyo ulimi wa mtoto ukawa wa bibi yake. Mwanangu alileta fomu ya skuli moja, tukaketi barazani kuijaza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, yote yakenda vyema. Tukafika penye mstari ulioandikwa: lugha ya nyumbani. Mwanangu akaandika: Kiarabu.

Ndugu zangu, kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nikiwarudishia watu fomu zao kwa neno moja lisilo kweli. Siku ile niliiona kalamu ikiandika, nikanyamaza. Nilijiambia kuwa ni mstari mmoja tu, na nafasi ni chache.

Siku ya usaili tukaitwa. Tuliruhusiwa kukaa nyuma, kwa sharti tusimsaidie mtoto. Mwalimu, bibi mpole aliyetoka nchi nyengine, alimwonyesha picha na kumwuliza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Akamwonyesha paka; mtoto akasema, "Paka." Akamwonyesha ndizi; akasema, "Ndizi." Akamwonyesha kijiko, akasema, "Kijiko cha bibi." Hakukosea hata kimoja. Mwalimu alimtazama kwa huruma, akaandika kitu katika karatasi yake. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema: "Bibi, mtoto anakujibu, ila kwa lugha usiyoijua." Lakini kusema hivyo kungalidhihirisha kuwa fomu yetu ina uongo, na mwanangu angalifedheheka mbele yangu. Nikanyamaza mara ya pili.

Baada ya siku chache ikaja barua. Nafasi haikupatikana, mtoto, ilisema, hajibu anapoulizwa, na wazazi walishauriwa wampeleke kwa daktari wa usemi. Mimi sikumlaumu yule mwalimu wala simlaumu leo. Tulimwambia kuwa mtoto huyu ni wa Kiarabu. Alipomsikia akitoa sauti zisizo za Kiarabu wala Kiingereza, angedhani nini? Sisi wenyewe ndio tuliomfanya mtoto msemaji aonekane bubu.

Kwa daktari tulikwenda. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Muuguzi aliyekuwapo, mama wa makamo ambaye wazee wake nao walitoka visiwani, alimwinamia akasema, "Hujambo, mwanangu? Paka wenu anaitwaje?" Loo! Mtoto alifunguka kama bomba. Alimweleza habari za paka, za kuku wa jirani na za babu aliyelala na miwani usoni. Daktari alicheka, kisha akatwambia maneno ambayo naomba kila mzazi humu ayashike: mtoto kukua na lugha mbili au tatu si ugonjwa na hakuleti ugonjwa, mjulisheni mwalimu anasema lugha gani, na nyumbani endeleeni kumsemesha.

Njiani kurudi, mwanangu alikuwa akiendesha gari, kimya. Kisha akasema, "Baba, wewe ndiye uliyenifunza kuandika vile." Alilisema kwa Kiarabu, kwa sababu Kiswahili cha kusemea mimi ndiye niliyemnyima.

Alisema kweli. Mwaka 1992 alipoingia darasa la kwanza, mwalimu wake alilalamika kuwa anachanganya maneno. Mimi, kwa hofu ya mgeni asiyetaka mwanawe aitwe mgeni, niliweka sheria: Kiswahili kisivuke kizingiti cha chumba cha bibi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Unguja, na mtoto yule alikuwa halali bila ya hadithi yake. Baada ya sheria yangu, mama akawa anasema na mtoto anatikisa kichwa. Haikuchukua mwaka, hadithi zikakoma. Mama alifariki mwaka 1997. Mwanangu alipata Kiarabu kizuri na cheo kizuri. Lakini tangu hapo Kiswahili anakisikia, hajibu. Na nina yakini kuwa Kiarabu kile angelikipata vile vile, maana kilikuwa kikisomeshwa kila siku skuli na kila mtaa ulikuwa ukikisema.

Tulijaribu skuli ya pili. Fomu yake niliijaza kwa mkono wangu: lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiarabu. Tuliwekwa katika orodha ya wanaongoja, tukangoja mpaka wiki mbili kabla ya kufunguliwa, familia moja ikahama, nafasi ikapatikana. Mwalimu wa darasa alituomba kitu kimoja: tumwandikie kwa herufi za Kiingereza maneno kumi ambayo mtoto huyatumia sana. Tukaandika maji, choo, naumwa, nimechoka, bibi, na mengineyo. Aliyabandika karibu na meza yake. Kufika katikati ya mwaka alikuwa hayahitaji tena, lakini hakuyabandua.

Kutokana na hayo, ninayo machache ya kuuomba ukoo huu.

La kwanza, anzeni mapema. Ulizieni miezi mingi kabla ya mwaka wa masomo, wekeni tayari cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, ulizeni kama mtoto mwenye ndugu skulini hutangulizwa, wala msitegemee skuli moja.

La pili, andikeni kweli. Mwambieni mwalimu mtoto anasema nini nyumbani, na mpeni yale maneno kumi.

La tatu, ongezeni lugha, msipunguze. Mfunzeni Kiarabu cha salamu na Kiingereza cha rangi na hesabu kabla ya usaili. Lakini msimnyamazishe bibi.

La nne, nafasi isipopatikana, msione kuwa dunia imekwisha. Binti wa binamu yangu kule Sur alikosa rawdha kabisa. Alikaa na bibi yake, akenda chuoni kusoma Kurani, na alipotimia umri akaingia darasa la kwanza la serikali. Leo yuko darasa la tatu, na anasoma vizuri.

La tano ni la Jumuiya. Ada ya mwaka mmoja ya mjukuu wangu ilizidi pensheni yangu ya mwezi, na nyumba nyengine mzigo huo haziuwezi. Napendekeza katika daftari letu la michango tufungue ukurasa wa watoto wadogo, wa Oman na wa visiwani sawasawa, na wa kwanza kuandikwa humo niwe mimi.

Ndugu zangu, nafasi ya skuli ina bei, na bei yake ni fedha na subira. Mimi niliwahi kuilipa kwa kitu kisichorudi. Sasa jioni mjukuu wangu humfundisha baba yake maneno, na akikosea humcheka. Juzi mwanangu alinipigia simu, akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kusitasita, kama naikumbuka ile hadithi ya bibi aliyokuwa akiisikiliza kabla ya kulala. Nimekumbuka nusu yake. Mwenye nusu ya pili, kati yenu nyote mliokusanyika hapa, namwomba aje anione kabla hatujatawanyika.